Gari ya babu imelala miaka tisa, na sasa mwanangu hanisemeshi

Shikamoo Fundi. Nakusoma siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, manake hili jambo nimelizungusha kichwani mpaka usingizi umekata. Nina miaka 46, niko Tanga mjini, kazi yangu mtunza stoo, nina mke na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 16, kidato cha tatu, na huyo ndo aliyenifanya niandike, yeye na gari.

Marehemu baba alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mwaka 1996 shamba lilipouza magari machakavu akanunua Land Rover 109, Series III ya 1978, ya petroli, ile injini ya lita 2.25, na hiyo gari ndo ilitulea, alikuwa anapakia machungwa huko vijijini anayashusha Muheza kwa wanunuzi, ada zetu sisi wanne zilitoka humo. Baba akafariki 2016. Toka hapo gari ikabaki chini ya mwembe, turubai juu, kuku wanataga ndani.

Mwanangu alikuwa na miaka saba babu yake alipofariki. Alikuwa anakaa mapajani kwake anashika usukani na kila mtu pale kijijini anajua hilo. Sasa Oktoba mwaka jana akaona video za Arusha, zile Land Rover mamia kwa mamia zimekusanyika zinapita barabarani, akaja akaniambia baba, ya babu na sisi si tuiamshe? Fundi, mtoto wa umri ule kuja mwenyewe kutaka kukaa na baba yake sio jambo la kila siku. Nilikubali palepale bila hata kumuuliza mama yake. Januari tukakodi lori tukaileta nyumbani, tukaipigia kibanda cha mabati kando ya ukuta.

Miezi mitatu ya mwanzo tulikuwa tunaingia Jumamosi asubuhi tunatoka giza limeingia. Tuliosha, tukafungua viti, tukatoa viota vya panya, kwenye kisanduku cha dashibodi tukakuta stakabadhi za petroli za baba na kalamu yake, kijana akazifunga kwenye mfuko wa nailoni akaenda kuziweka chumbani kwake. Mimi nilikuwa namuangalia tu.

Alafu mambo yakaharibika. Nilileta fundi mmoja niliyeelekezwa na jirani, akasema injini lazima ifunguliwe yote, akachukua 450,000 yangu, akaondoka na kabureta, distribyuta na altaneta eti anaenda kuvitengeneza, huu ni mwezi wa nne tangu aondoke, simu yake mara inaita mara haipatikani. Kijana akaona tumekwama, siku moja mimi nipo kazini akaingia mwenyewe kufungua manifodi ya ekzosi, lile bomba la moshi linalofungwa ubavuni mwa injini. Stadi moja, ile bolti isiyo na kichwa inayolishikilia, ikakatika. Akaogopa, akaipaka grisi ili nisione. Nilipoigundua, Fundi, nilimfokea mbele ya rafiki zake wawili, nikamwambia umeiua gari ya babu yako. Maneno hayo hayo. Hakujibu, aliweka spana chini akaingia ndani.

Hiyo ni Juni. Mpaka leo hajakanyaga kibandani. Shikamoo ananipa, chakula anakula, basi. Akirudi shule ni simu mpaka analala.

Wiki mbili zilizopita akapita mnunuzi wa chuma chakavu, ameangalia akasema anatoa 2,300,000 cash. Mke wangu anasema uza, kuna ada, mwakani kijana ana mtihani wa kidato cha nne, na ile gari inakula hela na imeshamgombanisha baba na mtoto. Hana kosa. Mimi kwa mwezi nikijibana naweza kutenga 120,000, zaidi ya hapo naiba kwa watoto. Na hata zamani tulipokuwa tunaongea kijana alikuwa anataka tutoe injini ya babu tuweke ya Nissan ya dizeli, na rimu pana na matairi ya tope kama alivyoona Arusha, mimi nataka ibaki kama baba alivyoiacha. Kadi bado ina jina la marehemu ila hilo halina shida, ndugu zangu watatu hakuna aliyewahi hata kuiulizia.

Niuze? Na kama nisipouza naanzia wapi, na huyu mtoto namrudishaje?

Baba wa Kijana, Tanga

-----

Marahaba mdogo wangu.

Usiuze. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia. Mnunuzi wa chakavu hajaona gari pale, ameona kilo, na ameona bodi la alumini ambayo bei yake iko juu kuliko chuma, ndo maana hakusita kutaja milioni mbili na ushee. Akishaikata kwa gesi hamna mtu atakayekurudishia. Ikikaa mwaka mwingine kwenye kibanda chako haitashuka bei, kwaiyo hakuna haraka yoyote hapo, haraka iko kwa mtoto.

Nianze na hiyo stadi basi, manake naona umeiandika kama msiba. Stadi ya manifodi ya ekzosi kwenye injini ya mwaka 1978 iliyolala miaka tisa, chuma ndani ya chuma, imechomwa na moto miaka na miaka, hiyo ingekatika mkononi mwako, ingekatika mkononi mwangu. Mimi nipo kwenye spana toka 1983, miaka mingi nimekaa chini ya Land Rover za watalii, na sikumbuki manifodi kongwe niliyoifungua ikatoka na stadi zote nzima. Ukikuta zimetoka zote ujue kuna mtu alishawahi kuzibadilisha. Mtoto wako hakuharibu kitu. Alichokosea ni kimoja, hakuloweka kwanza, na hakuloweka kwasababu hakuna aliyemwambia. Na grisi aliyoipaka pale, hebu ifikirie, mtoto wa miaka 16 anaficha kosa kwa baba yake kwasababu anajua hiyo gari ina uzito gani kwako. Angekuwa haijali angeiacha wazi akaenda kucheza mpira.

Kwaiyo Jumamosi hii fanya hivi. Usimuite kibandani. Mfuate alipo, peke yake bila mdogo wake wala mama yake, umwambie nilikosea, ile stadi hata fundi mwenye miaka arobaini angeikata, na maneno yale niliyosema mbele ya wenzio hayakuwa kweli. Ishia hapo, usiweke "lakini na wewe". Wababa wengi tunaharibu kwenye lakini. Alafu kwasababu ulimfokea mbele ya wale rafiki zake wawili, siku wakija tena nyumbani waambie na wao, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba siku ile mzee alikosea. Najua ni ngumu. Sisi tumelelewa na wazee ambao hawakuwahi kutuomba radhi na tuliwapenda hivyohivyo, ila kijana wako amekaa miezi na neno "umeiua" na babu mwenyewe ndo aliyekuwa anamkalisha mapajani, hilo neno halitoki kwa soda na chipsi.

Usimuombe arudi siku hiyo. Mwambie tu kwamba Jumamosi ijayo saa tatu unaanza kuitoa ile stadi na unahitaji mtu wa pili. Ni kweli unamuhitaji, kazi yenyewe ni ya watu wawili.

Inatolewa hivi. Kuanzia leo mpaka siku hiyo kila jioni idondoshee mafuta ya kulegeza, kama huna la kopo changanya dizeli na oili ya giaboksi otomatiki nusu kwa nusu, iache iloe. Siku yenyewe safisha grisi yote kwa petroli kidogo na brashi ya waya, subiri ikauke kabisa kabisa ndo uite mtu wa kuchomelea mwenye mashine ya umeme aje hapohapo nyumbani. Kama kipande kimebaki nje hata milimita mbili anaweka nati juu yake anachomelea kwa ndani ya tundu la nati, anaiacha ipoe yenyewe bila kumwagia maji. Joto la kuchomelea ndo linalovunja kutu. Silinda hedi ya injini yako ni chuma cha kumimina, ule moto haushikani nayo kirahisi, kwaiyo usiogope kwamba ataigandisha. Ikishapoa kijana ndo ashike spana. Robo ya robo mbele, robo nyuma, mafuta kidogo, tena mbele. Ikianza kulia kama mlango wa zamani ujue inakuja. Kama imekatikia ndani kabisa basi ni kupiga alama katikati na kutoboa, tundu la milimita tatu kwanza alafu kubwa kidogo, taratibu, na hapo tafuta mtu mwenye mkono uliotulia. Zikitoka weka stadi mpya na nati za shaba nyeupe au nyekundu ukizipata, hazigandi.

Siku hiyo ikiisha hivyo umeshapata zaidi ya nusu ya ulichokiomba kwenye barua.

Sasa kuna kitu umekipitia juujuu na mimi kimenishtua kuliko injini. Kadi ina jina la marehemu na unasema ndugu watatu hawajawahi kuiulizia. Mdogo wangu, gari bovu halina ndugu. Likianza kuwaka tu, limepakwa rangi, mtu wa Arusha amelipiga picha, ndo utasikia na mimi ni mtoto wa marehemu. Na watakuwa hawajakosea, ni mali ya mirathi, ni ya wanne. Nimeona gari imetengenezwa miaka miwili na kaka mkubwa, siku ya kuitoa barabarani mdogo wake akaja na karatasi ya mahakama, na mpaka naondoka mji ule ilikuwa imesimama palepale matairi yameisha upepo.

Kabla hujatoa shilingi nyingine kaa na ndugu zako wote watatu. Waambie unachotaka kufanya na kijana wako anataka nini, uwaulize kama wanaridhia gari iwe yako au wanataka kitu. Labda watasema chukua. Labda dada mmoja atasema siku ya harusi ya mwanangu nitaipanda, sawa, andikeni. Muhtasari wa kikao cha familia, sahihi za wote. Kama hamjawahi kufungua mirathi ya baba basi hapo ndo pa kuanzia, muhtasari huo na cheti cha kifo mnaenda navyo mahakamani anateuliwa msimamizi wa mirathi, na huyo ndo mwenye uwezo wa kusaini gari ihamie jina lako pale TRA. Na uende TRA ukaone namba yake inasomaje kwenye mfumo. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari iliyokuwa inawatisha watu wenye magari ya kulala serikali iliifuta 2017, kwaiyo usikae unaihesabu kichwani. Nenda na kijana. Atajifunza kitu ambacho watu wazima wengi hawakijui mpaka wafiwe.

Habari ya yule aliyeondoka na vifaa. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wake, sio wako, wa kwake, ukiwa na jirani aliyekuelekeza, muitwe wote. Wengi wao vifaa wanavyo vimekaa kwenye gunia, wameshakula hela ya kununulia ripea wanaona aibu. Omba vifaa kwanza, hela zungumzeni baadaye. Hela ukiitanguliza utakosa vyote viwili, na kabureta ya asili ya gari yako ina thamani kuliko unavyodhani. Na kuanzia sasa hamna kitu kinachotoka kwenye hicho kibanda bila kupigwa picha na kuandikwa kwenye daftari na fundi kuweka sahihi. Ikiwezekana kazi ifanyikie hapohapo mbele ya mtoto, fundi mzuri hakatai kuangaliwa.

Alafu alikwambia injini lazima ifunguliwe yote. Aliijuaje kabla haijazungushwa? Hapa ndo nataka unisikilize kuliko kote. Usiivue gari yote. Nimeona Land Rover nyingi zimekufa na chache sana ziliuawa na kutu, nyingi zimekufa kwenye maboksi, mtu anafungua kila kitu kwa siku tatu za furaha, hela inakata, baada ya mwaka hakumbuki bolti ipi ni ya wapi, watoto wamechukua nati kuchezea, na kilichokuwa gari sasa ni vyuma. Fungua kitu kimoja, kisafishe, kirudishe, ndo ufungue kingine. Gari ibaki na sura ya gari siku zote ili kijana akiamka asubuhi aione inasogea, hata kama ni breki ya tairi moja tu. Kwa mtu wa 120,000 kwa mwezi hamna njia nyingine.

Na uanzie chesisi, sio injini. Bodi la hiyo gari ni alumini, walianza hivyo toka 1948 kwasababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao na alumini ilikuwepo, kwaiyo watu wanaangalia bodi halina kutu wanajipongeza. Kutu iko chini. Mpe kijana nyundo ndogo na bisibisi bapa, gari ikiwa imekaa juu ya stendi nne imara, sio mawe, na kamwe mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa sekunde ya kuokota nati. Aanze na ile boriti ya nyuma kabisa pa kufungia ndoano, ndo panaoza kwanza, aje mbele kwenye mikono inayobeba bodi, amalizie na kile kibati kinachotenganisha injini na miguu yenu, kwenye kona za chini. Agonge. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi na bisibisi inazama. Kila panapozama azungushie chaki apige picha. Hiyo ramani ya chaki ndo bajeti yenu halisi, mtu wa kuchomelea akija unamuonyesha sehemu kumi na moja sio "chesisi yote", na bei inakuwa nyingine kabisa. Akate mpaka afike kwenye chuma kizima alafu aweke bati la milimita mbili au tatu, asibandike kiraka juu ya kutu. Kabla hajawasha mashine toa betri, na tangi la mafuta litoke nje ya kibanda kabisa. Tangi tupu ndo baya zaidi, kinacholipuka ni mvuke.

Pale alumini inapokutana na chuma mtakuta unga mweupe, alumini inaliwa hapo kwa ajili ya chumvi ya hewa yenu ya Tanga. Mkisharudisha wekeni raba nyembamba au rangi nzito katikati visigusane.

Baada ya chesisi ni breki, zote nne ni za ngoma kwenye hiyo gari. Usizibahatishe. Wili silinda, raba, mipira ya breki, masta silinda, mafuta mapya. Hapa ndo sehemu ambayo nitakuruhusu usubiri hata miezi miwili ukusanye hela ununue kitu kizuri. Arusha vifaa vya Land Rover vipo kwa sababu ya magari ya utalii, Dar nenda Gerezani, ila usinunue kwa simu kabla hujalinganisha maduka matatu, na beba kifaa cha zamani mkononi.

Habari ya injini ya Nissan. Kijana hajakosea kuwaza hivyo, 109 nyingi zilizobaki barabarani nchini zimewekwa injini za Kijapani na zinatembea, na ya babu yenu itakula lita moja kwa kilomita tano sita na hamtaipenda kila siku. Ila kwa bajeti yako kubadili injini ni kununua injini, giaboksi au sahani ya kuunganishia, kutengeneza mounti, ekzosi, rejeta, na kurudi TRA kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Hiyo ni hela ya miaka mitatu. Usimwambie hapana kwasababu "babu alivyoiacha". Mpe yeye hiyo hesabu aifanye. Mpe daftari la gari, kibubu kikae chumbani kwake, wewe kila mwisho wa mwezi unaweka 120,000 mbele yake na yeye ndo anaandika imeingia imetoka. Aulizie mwenyewe bei ya injini, bei ya rimu pana na matairi manne ya tope. Nakuhakikishia siku akiona tairi manne yanakula zaidi ya mwaka mzima wa kibubu hutakuwa na kazi ya kumshawishi. Na kama baada ya hesabu bado anataka rimu, sawa, ziwe za mwisho kwenye orodha yake, zisifutwe. Ni gari yake pia.

Na mama yake mpe neno lako mbele ya kijana: ada inatoka kwanza, mwezi ambao ada haijatimia kibubu hakipewi kitu, na kuanzia mwezi wa nane mwakani mpaka mtihani wa kidato cha nne uishe kibanda kinafungwa kufuli, ufunguo anakaa nao mama. Yeye hajakataa gari, amekataa kuona nyumba inayumba. Tena muulize kama anakumbuka kupanda hiyo gari na baba mkwe wake, usije ukashangaa.

Rangi ni mwisho, na kwa alumini kwaruza kwa msasa, paka praima maalum ya alumini kwanza la sivyo itabanduka kama maganda, baada ya hapo brashi na rola vinatosha, hizi gari hazikuwahi kuwa za kung'aa.

Injini sasa, manake najua unataka kuisikia. Mwaka 1978 injini hiyo ina bearing kuu tatu, za kuanzia 1980 zina tano, kwaiyo mtu akikuuzia kurenki, ile shafti kuu ya injini, ya mtumba "ya 109" muulize ya mwaka gani. Ila sidhani kama utafika huko. Injini iliyozimwa ikiwa nzima chini ya turubai mara nyingi bado ni nzima. Toeni plagi zote nne, mimineni kijiko cha oili kila silinda, funikeni kwa kitambaa, muache siku tatu nne. Betri isiunganishwe. Distribyuta ikirudi mpeni kijana fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, mwanya wa pointi za ndani yake uwe kati ya 0.35 na 0.40 ya milimita, wa plagi karibu 0.8, mpangilio wa moto, yaani silinda ipi inawaka baada ya ipi, ni 1-3-4-2, aandike kwa rangi ukutani hapo kibandani. Tangi lioshwe, mafuta ya zamani yamegeuka gundi, na kabureta ifunguliwe mezani juu ya kitambaa cheupe ili kila kidude kionekane.

Alafu tafuteni hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Kama ya babu haipo kwenye gari ulizia Muheza nyumbani, vitu hivyo huwa vimegeuzwa komeo la zizi. Plagi zikiwa nje, mpe yeye ndo aizungushe mara ya kwanza, wewe simama pembeni. Taratibu, mzunguko mmoja. Ikigoma msilazimishe, oili tena, subirini siku mbili zaidi. Ikikubali mtasikia upepo unatoka kwenye matundu ya plagi moja baada ya nyingine, pff, pff, na oili chafu itaruka kwenye nguo zenu. Mfundishe tokea siku hiyo, plagi zikiwa bado nje, namna ya kushika: avute kutoka chini kwenda juu, asisukume kwenda chini, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizungukie upande wa pili wa hendeli, manake siku moto ukiwepo injini inaweza kurudisha teke.